Shahada ya Uongozi na Amana ya Watu



Tumeona yafaa tuseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana katika baraza zetu. Wamo vijana wetu, na wengine waliokwisha kupita ujana, wanaokwenda vyuo vikuu kutafuta shahada ya pili, ile iitwayo ya uzamili, katika ilimu ya kuongoza jamii. Wako wanaowacheka, wakasema uongozi hausomwi, bali mtu huzaliwa nao au hupewa na wazee. Na wako wanaosifu kupita kiasi, wakidhani kuwa mwenye karatasi hiyo akirudi, mji utanyooka wenyewe. Sisi hatuko na hawa wala na wale.

Kuwa uongozi una ilimu yake si jambo geni katika dini. Banu Israil walipopewa Talut awe mfalme wao walimkataa kwa hoja kwamba hakupewa wasaa wa mali, wakajibiwa kuwa Mungu amemzidishia ilimu na nguvu za mwili. Habari hii imo katika Sura ya Al-Baqara. Na ajabu yetu ni hii, kwamba sisi tuisomayo kila Ramadhani ndio hao hao tunaouliza siku za uchaguzi, "Ana fedha gani huyu?" Naye Nabii Yusuf alipoomba asimamie hazina za Misri alijisifu kwa mambo mawili, kwanza kuwa ni mtunzaji, kisha kuwa ni mjuzi. Nasaba yake hakuitaja, ilhali ilikuwa nasaba ya mitume. Chuo kikuu chaweza kumpa mtu huo ujuzi. Utunzaji yapasa aingie nao mlangoni.

Sasa na tutazame nchi anayotaka kuiongoza msomi wetu. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 katika hesabu ya mwaka 2019. Ni nchi pana, lakini kadiri ya asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizowekwa mwaka 1948. Kilichobaki wanagawana wakulima wa milimani, mashamba makubwa ya mkonge, ranchi, na miji kama Voi na Mwatate. Ndovu hawajui mpaka. Hutoka mbugani usiku mmoja tu, na mahindi ya msimu mzima yakawa hayapo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imempa mkulima huyu haki ya kudai fidia, lakini dai lataka fomu na ushahidi, kisha lipite mbele ya kamati ya kaunti. Mkulima asiyejua njia hiyo, haki yake yabaki katika kitabu cha sheria.

Na sisi wa Mombasa tusijione tuko mbali na habari hizi. Maji ya chemchemi za Mzima, yaliyo ndani ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakiletwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950. Twatawadha kwa maji ya nchi ile, na hali wako watu wa nchi ile ile wanaobeba madumu kutafuta maji. Jambo hili lina sheria ndani yake, na hesabu, na siasa, na haki ya jirani. Nani atakayekaa baina ya mwanakijiji, serikali ya kaunti na wenye bomba, akasema maneno yakasikilizwa na pande zote?

Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, sheria yataka wananchi washirikishwe kabla ya bajeti kupitishwa. Mikutano huitwa. Watu wetu huenda, wakanywa soda, wakasikiliza tarakimu zikisomwa mbio mbio, wakarudi nyumbani kulalamika. Hapa ndipo tunapoiona faida ya masomo haya. Mwenye kuyasoma sawa sawa hufundishwa kusoma bajeti, kuuliza watu kwa utaratibu na kuandika waliyoyasema pasi na kuyageuza, kusuluhisha wagombanao, na kuweka hesabu inayoweza kukaguliwa na mtu mwengine. Lau ilimu hiyo ingeingia katika kamati za misikiti yetu na katika wakfu zetu, tungepungukiwa na fitina nyingi.

Lakini na tukumbuke pia kwamba Wataita walikuwa na viongozi siku ambazo Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwaka 1939 Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi pamoja na wenzao waliunda Chama cha Milima ya Taita kutetea ardhi ya watu wao. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama hicho, na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Watu waliwafuata kwa kuwa dhulma waliyoisema ilikuwa ya mashamba yao wenyewe. Msomi wa leo asiyeijua njia ya kwenda kwa mkulima aliyeliwa mahindi hana la kuwazidi wale.

Twataka tuseme waziwazi juu ya uovu mmoja. Shahada hii kwa kawaida ni ya miaka miwili: kwanza masomo ya darasani, kisha utafiti na kuandika tasnifu. Na hapo kwenye tasnifu ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa katika nchi yetu wako watu waliofanya kazi ya kuwaandikia wengine kwa malipo. Anayenunua tasnifu amefanya ghushi, na ghushi ni haramu sokoni na chuoni pia. Tena huyu ameghushi ilimu ya uaminifu yenyewe! Atakapokabidhiwa fedha za kisima au za mayatima atazilinda kwa kitu gani? Mtume wetu alimwonya Abu Dharr kuwa uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake akautekeleza.

Basi anayekusudia kusoma na aanze kwa kuuliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama masomo hayo yameidhinishwa, maana majina ni mengi, pengine huitwa uongozi, pengine maendeleo ya jamii, pengine utawala. Karo isitoke katika chakula cha watoto wala katika mkopo wa riba. Asiyeweza mwaka huu na angoje. Wala asidhani lazima aihame nchi yake, kwani Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko karibu na Voi. Na aende akaulize kinafundisha nini. Na utafiti wake na auchague nyumbani: fidia za ndovu, maji ya kijiji kimoja, au hesabu za madrasa moja kwa miaka kumi.

Tumeulizwa pia kama mabinti zetu nao waende. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwahimiza watu wa Mombasa kusomesha wasichana tangu miaka ya 1930, na wengi walimnunia. Katika vijiji tulivyovitaja wachotaji wa maji ni wanawake, na watoto wa madrasa hulelewa na wanawake. Jawabu letu ni kwamba waende, kwa idhini na kwa heshima, na wakirudi wapewe nafasi ya kusema katika kamati, wasirudishwe jikoni na shahada zao.