Mafuta ya Jumapili

Nilipokuwa nasoma Vienna, Jumapili asubuhi ungeweza kujua majirani wanapika nini kwa kusikiliza tu. Nyundo ziligonga nyama kwenye mbao, dirisha hili na lile: watu wanaandaa schnitzel. Nyama hupondwa mpaka ibaki na unene wa milimita 4 hivi, ikatiwa chumvi, ikapakwa unga, ikachovywa kwenye yai, kisha ikafunikwa chenga za mkate bila kukandamizwa. Huelea kwenye mafuta mengi huku mpishi akitikisa kikaango, mpaka ganda linaumuka na kuachana na nyama. Huliwa na limau na saladi ya viazi. Mimi iliniletea katlesi za mama kule Tanga: yai lile lile, chenga zile zile.

Mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alinialika. Alijua mimi ni Mwislamu. Waaustria hawalifanyii mzaha jina la Wiener Schnitzel: sheria inataka iwe nyama ya ndama, na anayeuza ya nguruwe sharti aseme. Majumbani wengi hupika nguruwe, maana ndama ni ghali. Yeye aliniambia hata kabla sijaketi: “Ni kuku. Nimemnunua kwa Waturuki wa Brunnenmarkt.”

Nilikula vipande viwili. Tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza siri ya utamu ule. Akafungua friji, akanionyesha bakuli la mafuta meupe. Ya nguruwe, alisema, kama alivyofundishwa na mama yake. Alisema kwa fahari, bila wasiwasi wowote. Kwake nyama ndiyo chakula. Mafuta ni kitu cha kupikia tu.

Hapo yalizuka maswali mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: nimetenda dhambi? Tumefundishwa tangu madrasa kwamba aliyekula bila kujua hana lawama. La pili lilininyima usingizi: nimwambie?

Nilikuwa na hoja nzuri za kunyamaza. Bibi alikwenda sokoni kwa ajili yangu. Nikimwambia, zawadi yake itageuka kosa, na kila akiikumbuka siku ile ataona haya. Tena kwetu pwani mgeni hakitoi kasoro chakula cha mwenyeji.

Lakini hoja hizo hazikufika mbali. Akinialika tena, ama nile nikijua, ama nijifanye mgonjwa kila Jumapili. Na nilipojichunguza sawasawa niliona kwamba sikuwa namlinda yeye. Nilikuwa najilinda mimi na dakika mbili za aibu. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimemfanya mtoto asiyeweza kuhimili kuambiwa ukweli. Mtu aliyetoka kwenda kutafuta kuku wa halali alikuwa anataka kuipata sawa. Kumficha ni kupokea jasho lake na kulitupa kusudi lake.

Sisemi kila ukweli lazima usemwe. Kama ningekuwa nasafiri kesho yake nisirudi tena, pengine ningenyamaza, na nadhani nisingekosea. Ukweli ule niliwiwa nao kwa sababu tulikuwa tutakula pamoja tena. Mficha uchi hazai, na urafiki pia hauzai penye jambo la kufichwa.

Nilimwambia siku ya kumi, kwenye ngazi. Aliweka mkono mdomoni. Kisha akakasirika, lakini si kwa sababu niliyoiogopa. “Siku kumi!” alisema. “Ningekualika kesho ningekupikia vile vile!” Sikuwa na jibu. Hasira yake ilikuwa ya haki kuliko huruma yangu.

Jumapili iliyofuata alikaanga kwa samli. Ndiyo, samli, ile ile ya pilau yetu. Nao huitumia kwa schnitzel tangu zamani. Tulikula mpaka saa tisa alasiri.

Mwishoni akaniuliza ipi ilikuwa tamu zaidi. Ukweli ni kwamba ile ya kwanza iliizidi hii kidogo. Nikasema hii. Ulikuwa uongo, na mpaka leo sijamwona niliyemdhulumu kwa kuusema.