Jina la Marehemu, Ada ya Aliye Hai

Hebu tujiulize swali moja lisilopendeza. Mwanafunzi ameuawa kwa ajili ya msimamo wake wa kisiasa. Miaka inapita, kisha chuo kinatangaza ufadhili wa masomo kwa jina lake. Ni nani hasa anayefaidika? Marehemu? Kijana anayelipiwa ada? Au chuo chenyewe, kinachopata nafasi ya kujisafisha kwa bei nafuu?

Najua watakaosema kwamba hilo ni swali la mtu aliyeshiba. Mkono mtupu haulambwi, na mtoto wa mkulima hawezi kuikataa ada eti kwa kuwa hajaridhika na nia ya mtoaji. Nakubaliana nao kabisa. Kwa hiyo tusizungumze juu ya mashahidi wote kwa jumla, maana hapo maneno huwa matamu na hayana uzito. Tumtazame mmoja.

Onkgopotse Abram Tiro alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Dinokana, Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Botswana. Alisoma Chuo Kikuu cha Kaskazini, maarufu kwa jina la Turfloop, kilichoanzishwa na serikali ya makaburu kwa ajili ya Waafrika peke yao. Pale akawa rais wa baraza la wanafunzi. Alikuwa pia mtu wa SASO, umoja wa wanafunzi weusi ulioanzishwa na Steve Biko na wenzake.

Mwezi Aprili 1972, wahitimu wenzake walimchagua azungumze kwa niaba yao siku ya mahafali. Wakubwa walitegemea shukrani. Tiro akasimama, akaishambulia Elimu ya Kibantu mbele ya wenyewe walioitunga. Akahoji iweje chuo kiitwe cha weusi, halafu hata vibarua vya wakati wa likizo wapewe vijana wa kizungu. Akahoji iweje wazazi wa wahitimu waachwe nje, na viti vya ndani wakalie wageni wa kizungu. Kwa macho ya utawala, hiyo ilikuwa asante ya punda. Akafukuzwa. Wenzake waligoma wakidai arudishwe, nao wakafukuzwa, na mgomo ukaenea katika vyuo vingine vya weusi.

Akaenda Soweto kufundisha historia katika shule ya Morris Isaacson. Huko nako hakudumu, kazi ikaota mbawa. Lakini ni shule hiyohiyo iliyomtoa Tsietsi Mashinini, mmoja wa viongozi wa maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976. Tiro mwenyewe hakuyaona. Alikwisha kukimbilia Botswana, na tarehe 1 Februari 1974, karibu na Gaborone, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa jina lake. Ndani mlikuwa na bomu. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Msomaji, simama hapo kidogo. Kile kifurushi kilitengenezwa kionekane kimetoka Geneva, kwenye shirika lililokuwa likiwafadhili kimasomo wanafunzi wakimbizi kutoka kusini mwa Afrika. Wauaji walijua wanachokifanya. Walijua kwamba kijana aliyefukuzwa chuo, akiwa ugenini, hawezi kuutilia shaka mkono wa mfadhili. Ndipo mimi ninapoona kwamba ufadhili si jambo dogo la fedha tu. Ni mkono unaoaminiwa kuliko mikono mingine yote, na kwa hiyo lazima uchunguzwe kuliko mingine yote.

Mwaka 1998, baada ya makaburu kuondoka madarakani, mabaki ya Tiro yalirudishwa kuzikwa Dinokana. Turfloop siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Limpopo, na ukumbi mmoja pale unaitwa kwa jina lake. Je, huo ni unafiki? Sidhani. Waliomfukuza sio waliomtukuza, na taasisi, kama mtu, inayo haki ya kutubu. Ila toba ina dalili zake.

Dalili ya kwanza tutaikuta kwenye fomu. Chukua fomu yoyote ya ufadhili wenye jina la kijana kama Tiro, uyasome masharti. Kama imeandikwa kwamba mpokeaji atanyang'anywa fedha akishiriki mgomo, au akitoa maneno ya kuuaibisha uongozi, basi mwenye jina asingeweza kuupata ufadhili wake mwenyewe. Angeupata Jumatatu, siku ya mahafali ungekwisha! Fomu ya namna hiyo inamfukuza Tiro mara ya pili, na safari hii kwa sauti ya upole.

Wengine huenda upande wa pili. Wanataka kila anayelipiwa kwa jina la shahidi naye awe shahidi. Jamani, huo ni uonevu. Binti aliyekuja kusomea ufamasia hadaiwi damu na mtu. Akimaliza, akarudi kwao kuuza dawa halali kwa bei halali, ameshalipa. Deni lote liko kwa mtoaji, maana ndiye mwenye uwezo wa kufukuza. Yeye ndiye aandike na kutia saini kwamba mpokeaji hatapoteza ada kwa ajili ya kusema. Na yeye ndiye asimulie kisa chote, pamoja na sehemu ya kufukuzwa, badala ya kutundika picha na tarehe mbili.

Hapa kwetu tunao mfano wa jina lililofanya kazi. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, wakawajengea shule vijana waliokimbia baada ya Soweto. Shule ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979 akiwa na miaka 22.  Tangu 1992 majengo yako mikononi mwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Sasa jina hilo linatajwa na maelfu ya vijana kila siku, na kama linaishi au limelala, wao ndio wanaojua.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ada ipokelewe, tena bila aibu. Lakini chuo kinachotaka kulitumia jina la marehemu kimpelekee kwanza marehemu ile fomu. Kama angekataliwa, jina lake lifutwe, ada ibaki.