Nani Ameahidi Kwamba Tofauti Itabaki Ile Ile?

Tuseme katika shamba la mahindi huko Daudi, wilayani Mbulu, mstari wa tatu uko sentimita 200 kutoka mpakani na wa saba uko sentimita 500, ilhali mingine imemezwa na magugu. Mwanafunzi wa sekondari hababaiki: toka wa tatu hadi wa saba ni hatua 4, zimechukua sentimita 300, basi tofauti ya kila hatua ni 75; akirudi nyuma hatua 2, mstari wa kwanza uko sentimita 50. Jibu ni sahihi, ila uhakika wake haukutoka kwenye namba hizo mbili. Umetoka kwa mkulima aliyepanda kwa kamba yenye mafundo yaliyoachana sawasawa. Bila kulijua hilo, kati ya 200 na 500 mistari ingeweza kukaa vyovyote.

Atakayepinga atasema tuongeze vipimo, kanuni itajidhihirisha yenyewe. Haijidhihirishi. Baada ya 1, 2, 3 wengi wataandika 4. Lakini chukua nafasi ya kila namba. Toa 1 kwenye nafasi hiyo, kisha toa 2 kwenye nafasi hiyo hiyo, kisha toa 3. Zidisha matokeo hayo matatu, halafu ongeza nafasi yenyewe. Utapata 1, 2, 3 vilevile, kisha 10. Hata namba zilizojulikana zikiwa mia, kanuni ya namna hiyo hutungika. Wala si mchezo wa ubaoni tu: aliyetazama sensa za Tanzania za 1978 na 1988 angeitarajia nyingine 1998, nayo ikafanyika 2002. Anayetazama 2002, 2012 na 2022 naye ataona miaka 10 imenyooka, kana kwamba aliahidiwa.

Mwanateolojia wa Kiislamu Al-Ghazali, katika karne ya 11, alilipeleka swali hili la nani ameahidi kwenye dini. Pamba ikiguswa na moto huungua, alisema, lakini tunachokiona ni mambo mawili kuandamana, si ulazima. Utaratibu huo ni desturi ya Mungu. Mwanafalsafa David Hume, mwaka 1739, aliegemea mazoea ya akili yetu. Je, tukiwafuata, nani atathubutu kupanda? Kila mtu, kwa sababu kupanda hakudai uhakika wa hisabati. Kunadai sababu ya kutegemea. Na sababu hazilingani kwa uzito: kamba huishika tofauti kwa nguvu, ratiba ya serikali huishika kwa kiasi, na mteremko wa mlima haukumwahidi mtu chochote. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifunika maisha na nyumba mjini Katesh, na miaka ya utulivu iliyotangulia haikuzuia kitu. Kwa hiyo muumini na asiyeamini wana wajibu mmoja kabla ya kuijaza nafasi iliyo wazi: kutaja kinachoishika tofauti. Asiyeweza kukitaja anabahatisha, hata hesabu yake ikiwa haina kosa.