Tuandikiane Hata Habari za Kuku

Wapendwa katika Bwana,

Sisi huku Bugwema hatujambo, twamshukuru Mungu. Mwezi huu tumeona vema kusema nanyi juu ya barua za jamaa, maana ni jambo ambalo halihubiriwi, na nyumba nyingi zinapoa kwa ajili yake.

Twajua jinsi barua zetu zilivyo. Huanza na afya njema, hupita katika salamu za watu kumi na wawili, kisha husema "sina mengi". Na kila aliyepata kupokea barua ajua kwamba baada ya "sina mengi" ndipo mengi yanapoanza: ada ya shule, bati, dawa, mahari. Kuomba si dhambi. Ndugu asipoombwa na ndugu, aombwe nani? Lakini kijana aliyeko Mwanza, au Dar es Salaam, au machimboni Nyamongo, akizoea kwamba kila habari ya nyumbani ina mkono ulionyoshwa au ina jeneza, moyo wake hushtuka aonapo tu simu ya mama yake. Mwisho huiacha ilie mpaka ikome. Naye mama, mwezi ule ambao hana shida, hukaa kimya akidhani hana la kusema.

Analo. Na aandike kwamba jogoo wa shangazi sasa anawika saa nane ya usiku, na babu ameapa kumhamishia kwa mwinjilisti ili kengele na jogoo vikae mahali pamoja. Aandike kwamba mbuzi wa jirani aliingia kanisani wakati wa matangazo akala karatasi ya mzee wa kanisa, na mpaka leo akina mama hawajui mkutano wao ni lini. Aandike kwamba mjukuu ameng'oka jino, akalitupa juu ya paa, na sasa anadai jipya kama anayedai malipo ya pamba. Hayo yasomwe huko mjini jioni, watoto wacheke, wamuulize baba yao babu yukoje. Barua ya namna hii ukurasa mmoja watosha, mara moja kwa mwezi, nayo isiombe kitu. Shida ikiwapo, iandikiwe barua yake peke yake.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo madogo, hayastahili Mkristo mzima. Basi na afungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Paulo yu kifungoni, ajua kwamba siku zake zimekaribia, na hapo hapo anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake. Joho! Kanisa limelitunza neno hilo muda huu wote, wala hakuna mtaguso uliolifuta. Afungue tena Warumi 16, aone majina yalivyopangwa, hata mama yake Rufo, ambaye Paulo anamhesabu kuwa mama yake mwenyewe. Katikati ya salamu hizo Tertio, aliyeshika kalamu tu, anapenyeza salamu zake mwenyewe. Tunamfahamu sana Tertio. Ndiye yule mtoto wa darasa la sita ambaye bibi humwita amwandikie barua, naye mwishoni huongeza kwamba mwandishi pia anasalimu na viatu vyake vimetoboka.

Lakini linalotugusa zaidi ni lile la Epafrodito katika Wafilipi 2. Aliugua karibu kufa akiwa mbali na kwao. Habari zikawafikia Wafilipi, naye akahuzunika si kwa ugonjwa wake, bali kwa sababu wao wamesikia kwamba aliugua. Paulo akamrudisha kwao ili wamwone wafurahi. Angalieni pendo hilo: mgonjwa anawaonea huruma wanaomwonea huruma. Wala Paulo hakuficha kwamba hali ilikuwa mbaya. Kwa hiyo hatusemi kwamba barua ya kuchekesha ifunike ukweli. Mama akiugua, aseme anaugua. Jogoo atangoja mwezi ujao.

Tena sisi watu wa Mara hatuna udhuru katika jambo la kalamu. Mkoa wetu ulikuwa mmoja wa mikoa minne, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambao sasa ni Kagera, ilikoanzia mwaka 1968 kazi ya majaribio ya kisomo cha watu wazima kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vya kisomo vilihusu pamba, samaki, ng'ombe na mambo ya nyumbani. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu wa nchi hii hawakujua kusoma. Kufikia 1986, kwa hesabu ya serikali, walikuwa wamebaki pungufu ya mmoja katika kumi. Watu wazima walishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Je, walitaabika hivyo ili sisi tuandike "naomba elfu kumi" tu? Siku hizi habari nyingi zapita katika simu, nasi hatuoni neno. Jogoo anawika vilevile.

Twalisema hili kwa sababu ya makaburi. Tumesimama mara nyingi tukizika mzee, tukaona watoto wake wamekuja kutoka miji mitatu, na wajukuu wakiulizana majina kando ya udongo mbichi. Mtu na mtoto wa nduguye, wageni. Wanalia pamoja, lakini hawajapata kucheka pamoja hata siku moja, na baada ya matanga kila mmoja hupanda basi lake. Wengine katika safari hiyo ndipo walipojua kwamba baba yao alikuwa mcheshi. Waliambiwa na majirani.

Utani una mipaka yake, wala msiivuke. Babu na mjukuu wataniane, ndiyo desturi. Mkwe asifanywe kichekesho, wala mwana aliyefukuzwa kazi, wala binti ambaye hajapata mtoto. Barua ya jamaa husomwa kwa sauti, na aliyetajwa huenda amekaa pale pale akichambua mboga.

Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, vijana watakaa chini ya mti nje ya kanisa wakiwa na karatasi, kalamu na simu zao. Asiyeona vizuri au asiyeweza kuandika aje ataje maneno, wao wataandika. Bahasha za Musoma na Bunda zitakwenda kwa mkono wa wasafiri. Mwenye mbuzi aliyekula matangazo anaombwa amfunge.

Ni sisi wenzenu katika Kristo.