Je, Kusomea Riba ni Kula Riba?



Ndugu zangu Waislamu, mwaka jana binti wa baba yangu mdogo alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja huko Wales. Anasomea benki na fedha pamoja na Kiitaliano, shahada moja ya miaka minne, na mwaka wa tatu ataukaa Italia. Kabla ya kusafiri alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, wewe ndiye unayesoma dini. Niambie ukweli, elimu hii ni halali kwangu?"

Sikuchukua hata dakika tano. Nilimtajia hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Nikamwambia kuwa anayesomea benki anajiandaa kuwa huyo mwandishi. Kuhusu Kiitaliano nilicheka tu, nikamuuliza ataongea na nani huku kwetu Mbale. Alijibu, "Ahsante, kaka," akasafiri.

Hadithi ni sahihi na haina shaka. Nilichokuja kukitilia shaka ni haraka yangu.

Miezi michache baadaye alinitumia tena sauti, safari hii kuhusu somo lake la Kiitaliano. Neno "benki" tunalolitumia sisi, asili yake ni kule: banco, yaani benchi, kwa sababu wabadilisha fedha wa miji ya Italia walikaa sokoni nyuma ya benchi zao. Aliyefilisika aliitwa mwenye benchi lililovunjika, bancarotta. Tena akaniambia kuwa neno lao tariffa lina asili moja ya Kiarabu na "taarifa" yetu, na kwamba Fibonacci, mtoto wa mfanyabiashara wa Pisa, alijifunza tarakimu akiwa Bugia, katika Algeria ya leo, kabla ya kuandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1202. Sehemu ya elimu ile ilipita mikononi mwa Waislamu kabla ya kufika Ulaya.

Lakini lililonishtua ni jingine. Wale Waitaliano nao waliharamishiwa riba na dini yao. Mwaka 1179 Kanisa liliamua kwamba mla riba anayejulikana asizikwe kwa mazishi ya Kikristo. Pamoja na hayo, benki kubwa zilizaliwa kwao. Ilikuwaje?

Walibadilisha majina. Benki ya familia ya Medici, iliyoanzishwa Florence mwaka 1397, ilipokea amana za watu na kuwapa ziada. Ziada hiyo haikuitwa riba, iliitwa discrezione, yaani zawadi kwa hiari ya benki. Mkopo nao ulivishwa nguo ya kubadilisha fedha: unapewa pesa Florence, unaandika kwamba utalipa London kwa fedha ya huko, na faida inafichwa ndani ya bei ya kubadilishia. Mwishowe ukaja mtindo ulioitwa "ubadilishaji mkavu", ambapo fedha haikusafiri kabisa. Karatasi zilikwenda na kurudi, na mkopaji akalipa zaidi ya alichokopa.

Ndugu msomaji, nilipousikia ubadilishaji mkavu nilikumbuka darasa letu la fiqhi ya biashara. Mtu anahitaji milioni moja taslimu. Benki inanunua madini, inamuuzia kwa milioni moja na laki mbili kwa malipo ya muda, kisha inamuuzia madini hayohayo mtu wa tatu kwa niaba yake kwa milioni moja. Mteja hakuyaona madini na wala hayataki. Mpango huo unaitwa tawarruq, na ule unaopangwa na benki namna hii, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC lilitoa azimio mwaka 2009 kwamba haujuzu. Nilikuwa nimekariri azimio lile kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimeelewa kwamba jambo la namna hiyo liliwahi kuwapata watu wengine, na kwamba hatua kwa hatua katazo lao lilibaki jina tu.

Sasa niseme lililo zito kwangu. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ada ninayosomea elimu ya dini inatokana na mkopo wa mshahara, ambao hukatwa kila mwezi pamoja na riba. Siku fomu ilipoletwa nyumbani miwani ya baba ilikuwa imevunjika, akaniambia, "Mwanangu, nijazie." Nikajaza. Baba akatia saini, na majirani wawili wakatia saini kama mashahidi. Mlipaji, mwandishi, mashahidi wawili: wote wa ile hadithi tulikuwa tumekaa kwenye meza moja, na mwandishi alikuwa mimi. Niliyemhukumu dada yangu kwa kazi ambayo bado hajaifanya, nilikuwa nimeshaifanya.

Likizo iliyofuata nilimweleza baba. Hakukasirika. Alisema, "Najua ni riba. Ungenionyesha mlango mwingine, ningepita huo." Sikuwa na mlango wa kumwonyesha. Nilikuwa na hukumu tu.

Nikamwomba radhi binti wa baba mdogo, nikampigia picha jedwali la malipo. Jioni ileile alinifafanulia. Katika mikato ya mwanzo sehemu kubwa ni riba na sehemu ndogo ni deni lenyewe, kwa hiyo kila shilingi ya deni inayolipwa mapema inapunguza riba ya miezi ijayo. Baba alipovuna kahawa alipeleka fedha yote kwenye deni. Halijaisha, lakini litaisha kabla ya muda wake, inshaallah. Elimu niliyoiita ya haramu ndiyo iliyompunguzia baba yangu haramu.

Basi, kusomea riba si kuila. Sisi wenyewe tunakariri riba al-fadhl na riba al-nasia darasani, na hakuna anayesema tumeila. Hudhaifa (r.a.) alikuwa akimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu shari kwa kuogopa isimfike. Lakini pia simdanganyi dada yangu: nia njema haihalalishi kazi. Siku atakapopewa kiti cha kuandika mikataba ya riba, hadithi ya Jabir itakuwa inamsubiri pale pale, na hatasema hakujua.

Hapa Uganda sheria imeruhusu benki za Kiislamu tangu marekebisho ya 2016. Mlango umefunguliwa. Nani atatuambia kama ndani yake mna biashara aliyoihalalisha Mwenyezi Mungu, au ni ubadilishaji mkavu uliovishwa kanzu? Shekhe asiyeweza kusoma hesabu za benki atatia saini anacholetewa, na mhasibu asiyejua fiqhi hatajua ni lipi la kumwonyesha. Ndugu zangu wa kitivo cha dini, tusiwe wepesi wa kuwafukuza wenzetu wa kitivo cha biashara. Tukae nao kabla baba zetu hawajaletewa fomu nyingine.

Ama mimi, naomba msamaha kwa Mola wangu kwa mwandiko ule, na nimeanza kujifunza kusoma majedwali ya malipo. Mwalimu wangu yuko Wales.

Wallahu a'lam.