RAM Ni Yangu, Mchezo Ni Wetu

Kompyuta ni yangu. Niliinunua kwa pesa zangu, stima nalipa mimi, na kila namba iliyo kwenye RAM imekaa ndani ya mali yangu. Sasa nikibadilisha moja tu, nimemkosea nani?

Swali hili huzuka kila vijana wanapozungumzia gemu za mtandaoni, na si la kijinga. Linastahili jibu zuri kuliko "kudanganya ni vibaya, basi."

Kwanza tuone kazi yenyewe hufanywaje. Gemu ikiwa inaendelea, uhai wako, risasi zako na pesa zako ni namba zilizowekwa mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Programu kama Cheat Engine huzisaka. Una risasi 30? Tafuta 30, zitakuja nyingi ajabu. Fyatua moja, kisha tafuta 29 kati ya hizo. Rudia hadi zibaki moja au mbili. Andika 999. Kama unacheza peke yako, umeshakuwa mungu mdogo.

Mtandaoni mambo ni tofauti. Jiandikie milioni moja na skrini itakuonyesha milioni, lakini ukienda kununua bunduki, seva inakwambia una 500. Daftari inalo yeye. Wewe umechezea nakala. Ni kama kuandika salio la M-Pesa kwa kalamu juu ya kioo cha simu.

Lakini seva haiwezi kushika kila kitu, na sababu kubwa ni umbali. Sisi wa Nairobi mara nyingi tunacheza kwenye seva za ng'ambo. Ujumbe kwenda Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde 100. Kama kila hatua yako ingesubiri ruhusa kutoka huko, gemu ingekwamakwama hadi uizime. Kwa hivyo kompyuta yako huachiwa kazi kadhaa. Inakusogeza kabla seva haijajibu. Inapewa mapema habari za adui aliye nyuma ya ukuta, ili akichomoza kwenye kona umwone papo hapo. Yaani mahali alipo adui pako kwenye RAM yako tayari. Umeombwa tu usichungulie.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Sehemu rahisi kuchezea ni ile tuliyoaminiwa nayo, na tuliaminiwa ili sisi wa mbali nasi tuweze kucheza. Mashine ni mali yangu, sawa, lakini baadhi ya vilivyomo ni amana. Jirani akikuachia ufunguo, mlango wa nyumba yako haumpi mtu haki ya kufungua wa kwake.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha 1978, aliona kucheza kuwa ni kukubali kwa hiari ugumu usio wa lazima. Mpira ungeweza kubebwa mikononi hadi golini. Tumekubaliana tusifanye hivyo. Anayeona kupitia ukuta ana pointi, lakini ule mchezo tuliokuwa tukiucheza sisi wengine, yeye hakuwemo.

Msee mmoja ataniuliza: na kampuni zinazouza silaha kali kwa wenye pesa, si nazo zinapindua mchezo? Kweli, zinapindua, na tuna haki ya kulalamika au kuhama. Ila ukiwasha hila zako, risasi haimpati mkurugenzi wa kampuni. Inampata kijana wa Githurai aliyenunua bando ya saa moja, na saa yenyewe inaisha.

Hasara pia haibaki kwa wawili. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike huko Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India alinaswa na programu ya kumsaidia kulenga, imefichwa kwa jina la word.exe. Timu nzima iliondolewa, kisha ikavunjwa. Wenzake wanne walirudi nyumbani na aibu isiyo yao. Tena kuna sisi wengine: Valorant ilipotoka 2020, ilikuja na Vanguard, mlinzi anayeamka pamoja na kompyuta na kukaa kwenye kiini cha mfumo. Ni askari wa mlango wa mall, anayekagua mkoba wa kila mtu kwa sababu ya wachache, ila huyu anakaa chumbani kwako.

Pamoja na hayo, sitaki tuwafukuze wadadisi. Mimi mwenyewe hupenda kufungua gemu ya peke yangu na kusaka namba zake. Humo nimejifunza jinsi programu inavyokumbuka mambo. Na marafiki wakifungua seva yao, wote wakijua kwamba leo ni siku ya kuvunja vunja, ni raha tupu. Udadisi ule ule, vidole vile vile. Tofauti ni kwamba kila aliyeketi mezani aliulizwa.

Kwa hivyo kabla hujaandika 999, jaribu jambo moja: mwambie mpinzani wako unachotaka kufanya. Akisema "poa, twende," endelea. Ukiona huwezi kumwambia, buda, jibu unalo.