Deni la Rakaa Nne

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipiga Bukoba Jumamosi alasiri, kwa kipimo cha 5.9, likaangusha nyumba na kuua watu zaidi ya 15. Jumatatu yake ilikuwa Idi, na tayari watu wazima tulishapata maelezo: dhambi zimezidi.

Watoto wa madrasa yangu waliyasikia maneno hayo wakiwa katika hali mbaya. Wadogo walirudia kukojoa kitandani, lori likipita wanaruka, usiku hawataki kuingia ndani. Wataalamu wanasema msongo wa namna hii katika mwezi wa kwanza ni wa kawaida, na kwamba wengi hutulia wakipata mtu mzima wa karibu na ratiba yao ya siku zote. Hofu ya lori niliielewa. Iliyonitesa ni ya kijana mmoja, ndiyo kwanza amebaleghe, aliyenifuata pembeni: "Ustadh, siku ile nilichelewa mpirani, sikuswali adhuhuri. Je, ni mimi?"

Angekuwa mdogo ningemjibu upesi, maana mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Yeye kalamu ilishamfikia. Kumwambia kwamba swala si kitu nisingeweza, na wala sitaki.

Nilimsimulia siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume (s.a.w.). Jua lilipatwa, watu wa Madina wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Fikiria, baba ametoka kumzika mwanawe, anapewa heshima kubwa hivyo, na anaikataa! Sisi tumepata wapi ujasiri wa kufunga mtikisiko wa ardhi kwenye shingo ya kijana?

Najua wapo watakaonikumbusha Suratul Zilzala, sura ya tetemeko la ardhi, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema. Lakini sura ile inazungumzia Siku ya Mwisho, na siku hiyo kila mtu ataoneshwa amali zake mwenyewe, hata zikiwa ndogo kama chembe. Maiti za jirani haziingizwi katika hesabu ya mwanafunzi aliyechelewa mpirani.

Basi nikamwambia: adhuhuri ile unadaiwa, rakaa nne, ilipe. Nyumba zilizoanguka hudaiwi. Akauliza kama anaweza kuilipa nje, uwanjani, kwa sababu chini ya paa miguu bado inamtetemeka. Nikamwambia anaweza, nami nitakaa karibu naye mpaka amalize.